Kontena Lisiloshika Theluji

Benchi lilikuwa ubao wa lori bovu, umeegemezwa ubavuni mwa kontena la meli ambalo marehemu Luvsandash aliligeuza ghala la makaa ya mawe. Kila asubuhi wazee watatu walikaa hapo wakielekeza pua juani, na Dolgor, mjane wake, aliwatolea chai ya maziwa yenye chumvi. Jenerali aliwahi kuwa mpishi jeshini. Daktari aliwahi kushika mikia ya ngamia wakati daktari mwenyewe akiwadunga sindano. Redio alikuwa Redio tu. Mjini pote theluji ilifika magotini, ila juu ya kontena hilo hapakuwa na hata chembe, na wazee walikuwa wamelibishania jambo hilo wiki nzima.

— Ni rangi, alisema Jenerali. Nyekundu inavuta jua.

— Acha zako! alisema Redio. Paa la shule si jekundu? Na limefunikwa mpaka bomba la moshi.

— Shule hawakupaka rangi. Walipaka ahadi.

— Chini yetu kuna chemchemi ya maji moto, alisema Daktari. Ngamia mmoja alilala hapahapa akakataa kuamka.

— Alikuwa amekufa, Daktari, alisema Jenerali.

— Alikufa baadaye. Tena kwa raha zake.

Redio akashusha sauti, ingawa sauti yake haikushuka sana.

— Ni Luvsandash. Yumo humo ndani, analinda makaa yake. Mzee alikuwa mchoyo, shemeji unisamehe. Tena anamsubiri mwizi wa sepetu yake.

— Mwizi si wewe? aliuliza Jenerali.

— Sikuichukua! Wiki yake ya mwisho duniani hakunisalimia kwa ajili ya sepetu. Amekufa mimi nikiwa mwizi, jamani.

Dolgor alihesabu shanga zake za sala. Ilikuwa siku ya arobaini na tano tangu msiba. Alikuwa ameapa kwamba kufuli aliyoifunga mumewe kwa mkono wake haitafunguliwa mpaka siku ya arobaini na tisa, lama, mtawa wa Kibuddha, atakaposoma sala za mwisho na roho ishike njia yake. Hadi hapo alikuwa akiota moto wa samadi, na makaa yake yote ya msimu yalikuwa nyuma ya mlango ule. Jana, alipokuwa akifagia, aliweka kiganja kwenye bati akalikuta na uvuguvugu. Alifurahi, kisha akaona haya kwa kufurahi.

Lori likasimama. Akashuka dereva, mwanamke kijana aitwaye Haliun, ambaye hubeba makaa kutoka machimboni. Aliuliza njia, akapewa chai, akakaa benchini, akaegemea bati la kontena. Akaruka kama aliyekalia paka.

— Wazee wangu, baridi ni nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri. Hii migongo yenu ilianza kupata joto lini?

Wakatazamana. Jenerali alijipapasa mgongo kama mtu anayetafuta pochi.

— Mama, humu mna makaa? Yaliingia makavu?

— Theluji ya kwanza iliyalowesha, alisema Dolgor. Mume wangu alikuwa anakohoa tayari. Akaharakisha, akafunga.

— Basi yanajiunguza yenyewe. Yakilowa, ukayafungia na vumbi lake, moto unaanzia tumboni. Yafunguliwe leo, yatandazwe yapoe.

— Hafungui, alisema Jenerali. Zimebaki siku nne.

— Mama, makaa hayajui siku. Utakuja kufungulia majivu.

— Na roho je? aliuliza Daktari. Ikitoka kabla ya wakati wake?

— Nitaikamata, alisema Jenerali.

Dolgor alimkumbuka Luvsandash, ambaye kwa miaka thelathini hakusubiri chai ipoe hata mara moja, na kila asubuhi aliungua ulimi akamlaumu yeye. Mtu huyo angesubiri siku nne, makaa yanaungua? Akachovya kidole cha pete katika chai, akarusha matone juu angani kama sadaka. Akamwomba Buddha msamaha, kisha mumewe, kwa mpangilio huo. Akavuta ufunguo shingoni.

— Kaeni pembeni, alisema Haliun. Mtu asiingize kichwa. Hewa ya humo inaua.

Mlango ulilia. Moshi mzito ukatoka taratibu, na Jenerali akaonekana nyuma ya lori.

— Nalinda huku!

Kisha kitu kilichokuwa kimeegemea mlango kwa ndani kikaanguka miguuni mwa Dolgor. Ilikuwa sepetu.

— Mnaona? alipiga kelele Redio. Mnaona? Aliifungia humo mwenyewe! Shemeji, mwambie! Ukiomba usiku, mwambie!

Dolgor akacheka, mara ya kwanza kwa siku arobaini na tano, akacheka mpaka akashika mbavu. Aliinama akaiokota. Mpini ulikuwa wa moto, kama vile mtu ameuachia sasa hivi. Aliushika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha akamkabidhi Redio.

— Haya, mwizi. Anza kuchimba.