Mama Subiri, Mwita Majina wa Chumba cha Kompyuta

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi katika hospitali yetu, mwenzetu tunayemwita Mama Subiri anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mwenyewe alitaka kuondoka mwaka jana, na hilo tutalifikia.

Aliajiriwa kama mpiga chapa, enzi ambazo kompyuta ya kwanza ilifunikwa kitambaa na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Yeye aliigusa. Ikaharibika, akaitengeneza, na Mkurugenzi wa wakati huo akaona heri amhamishie hukohuko. Chumba cha kompyuta, kule chini jirani na chumba cha kufulia mashuka, kikawa chake.

Kwa wasiofika kwetu, tueleze kidogo. Picha za eksirei mnazofungua wodini husomwa kwa msaada wa maktaba ya programu huria. Hakuna vitabu humo, ni kazi za watu wa kujitolea ambazo yeyote anaruhusiwa kuzichukua bure. Wengine huzichukua zikiwa zimeshaandaliwa. Sisi mashine zetu ni za kuungaunga, kwa hiyo tunachukua msimbo mbichi, maandishi ya programu kama yalivyoandikwa, tunausanidi ulingane na mashine, kisha tunaukompaili, yaani kompyuta inaugeuza kuwa programu inayofanya kazi. Ni shughuli ya kutaka moyo. Mistari inapita mbio kwenye skrini, halafu pap! kosa. Sisi tukianza kuhangaika na mstari wa mwisho, yeye husema subiri, anapandisha skrini hadi kosa la kwanza kabisa, analitibu hilo, na mengine yanajifia yenyewe. Jina lake lilitoka hapo.

Mwaka mmoja tulisanidi, tukakompaili, tukapongezana. Kesho yake daktari wa mifupa akashuka ngazi amefura: picha zote za zamani zilikuwa nyeusi tii. Kumbe mwisho wa usanidi kompyuta ilikuwa imetaja kimyakimya kwamba kifaa kimoja, programu ndogo ya kufungulia picha zilizobanwa ili zisijaze nafasi, hakikupatikana, ikaendelea bila hicho, na sisi tukaendelea nayo. Tangu siku hiyo Mama Subiri akaanzisha utaratibu wake. Usanidi ukiisha anasimama, miwani puani, anaita kila kifaa kwa sauti kama mwalimu wa zamu, na sisi tunakijibia huku tumekodolea skrini: yupo, yupo, hayupo. Wafua mashuka walidhani tumechanganyikiwa. Lakini picha hazijawa nyeusi tena.

Sasa lile la mwaka jana. Dada yake mkubwa, mshonaji mstaafu, anaishi peke yake mji mwingine. Alishamtengea mdogo wake chumba na kukipaka rangi, na kila wiki anapiga simu kuuliza anakuja lini. Tunamsikia sote, maana simu ya Mama Subiri haijui kunong'ona. Mkurugenzi akamwomba abaki mwaka mmoja zaidi, akakubali shingo upande. Mwaka huu ikaja seva mpya, mashine kuu ya kuhifadhi picha, na sharti jipya la Mkurugenzi: tukiweza kuijengea maktaba ile wenyewe, bila Mama Subiri kugusa kibodi, aende zake, tukishindwa, aongeze mkataba. Tulimwona akikunja leso yake na kuikunjua. Jamani, tuliogopa kuliko siku ya usaili.

Ijumaa iliyopita tukaanza. Alikaa kwenye kiti chake cha nyuma, mikono kaikalia ili isimponyoke. Usanidi ulipoisha, fundi mtandao akasimama akaita majina, sisi wengine tukajibu. Alipofika kwenye kile kifungua picha, tukasema hayupo, na tukashusha pumzi kwa kumkamata mapema. Tukakiweka, tukasanidi upya, tukaita tena, wote wakawepo. Tukakompaili. Katikati kazi ikagoma. Tukapandisha skrini hadi kosa la kwanza, tukalitibu, ikaendelea hadi mwisho. Majaribio yote yakapita, na picha ya goti la mwaka ule wa giza ikafunguka, kila mfupa unaonekana.

Tukageuka kumwonyesha. Kiti kitupu! Kikombe chake kimeoshwa na kufudikizwa kwenye sinia. Mtu ambaye hakuwahi kuiacha mashine ikikompaili bila mlinzi, hata akibanwa haja, alikuwa ameondoka kabla ya matokeo. Mlinzi wa getini anasema alipita saa ambayo, kwa hesabu yetu, tulikuwa tumeshalitibu lile kosa, anacheka, simu sikioni, anamwambia dada yake anakuja.

Fundi mtandao akakohoa, akaita kwa sauti ya zamu: Mama Subiri! Tukajibu kwa pamoja, machozi yakitulengalenga na vicheko vikitutoka: hayupo!

Asante, mama yetu, kwa subira yako na kwa kutuachia kibodi. Tunakutakia afya njema, usingizi mnono katika chumba kipya, na soga zisizoisha na dada yako. Na Jumatatu, tafadhali, usije.