Bi Mwanvita na Neno "Ndugu"

Tarehe 30 Juni, Bi Mwanvita Ausi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza chumba cha magazeti katika maktaba yetu hapa Bagamoyo. Mimi, Herman, niliyekaa naye meza moja tangu nihamie hapa, nimeombwa kuandika mazuri yake. Nitajitahidi.

Alianza kazi akiwa binti wa kupanga vitabu rafuni. Paa lilipovuja masika moja, ni yeye aliyeyaokoa magazeti ya zamani. Aliyaanika uani ukurasa kwa ukurasa, na sisi sote tukageuzwa walinzi wa kufukuza mbuzi. Kwa hilo maktaba inamshukuru. Mbuzi wale sijawasahau.

Mateso yetu hasa yalianza miaka minne iliyopita, tulipozindua chumba kipya cha kusomea. Bi Mwanvita alimkaribisha mgeni rasmi kwa kumwita ndugu. Mgeni akanuna. "Mama, mimi na wewe tuna undugu gani?" akauliza mbele ya watu. Mwingine angemeza, yakaisha. Bi Mwanvita alijifungia na magazeti yake, atafute ni lini neno hilo liligeuka tusi.

Tangu hapo hatukula kwa raha. Ukitia tonge mdomoni, unaitwa. "Herman, njoo uone. Hapa waziri ni ndugu, na dereva wake ni ndugu." Unakwenda, unapiga chafya kwa vumbi, unarudi, ugali umepoa. Kesho yake anaita tena: mtu yuleyule, ukurasa uleule, juu mheshimiwa, chini ndugu. Mkuu wetu, Bi Tina, alimsihi aandike ripoti amalize. Akajibu kwamba bado hajafika kwenye matangazo madogo.

Alipofika huko ndipo alipotuchosha kabisa. Alikuta tangazo la miaka ya themanini: watu wa Kiwangwa wanamtafuta ndugu yao Yunus, aliyeondoka nyumbani baada ya ugomvi. Arudi, lilisema, kosa lake limesamehewa, na nyumba haina raha bila yeye. Bi Mwanvita akataka kujua kama alirudi. Nilimwambia hayo yamepita, ayaache. Jumamosi iliyofuata nilijikuta Kiwangwa katikati ya mashamba ya mananasi, jua la utosi, nikiulizia habari za mtu nisiyemjua.

Tulimpata kaka yake, Mzee Sufiani, aliyelitoa tangazo lile. Tulimwamkia, tukaeleza kilichotuleta. Akatutazama kama watu waliopotea njia. "Yunus? Si yule pale anapalilia. Alirudi mwaka uleule." Gazeti hakulisoma; alirudishwa na homa na njaa. Nilitamani kukaa chini nilie.

Lakini Bi Mwanvita alikuwa ameshamwita Yunus, amsomee tangazo kutoka kwenye simu alikolipiga picha. Mzee Yunus alisikiliza akiwa ameegemea jembe. Yaliposomwa maneno ya kosa kusamehewa, akaomba yarudiwe. Kisha akasema kwamba miaka yote hiyo alijua alipokelewa kwa kuonewa huruma tu, mgonjwa asiye na pa kwenda. Ndiyo maana kwa kaka yake haendi ila kukiwa na msiba au harusi.

Akamgeukia Sufiani. "Mbona hukuniambia?"

"Ulisharudi. Nikwambie nini tena?"

Mchana ule ndugu hao walikula sahani moja, sisi tukiwa wageni wao. Bi Zaina, mke wa Sufiani, alituambia pembeni kwamba hajapata kumwona shemeji yake akiomba kuongezwa mchuzi. Njiani kurudi, Bi Mwanvita alilala fofofo, nami nikabaki na mfuko wa mananasi mapajani, nikijaribu kuendelea kukasirika.

Ripoti ya neno lile haijaandikwa mpaka leo. Anasema amebakiza magazeti ya miaka ya tisini. Ameomba aruhusiwe kuja kila Jumatatu, na Bi Tina, kwa kuchoka kubishana, amekubali.

Bi Mwanvita, asante kwa kazi, na kwa usumbufu uliotupa. Sasa nenda kwako Mapinga ukapumzike. Tunakuombea afya njema, usingizi mnono wa mchana, na majirani wenye subira kuliko sisi.