Mstari Nyuma ya Mikoko

Kaka yetu mkubwa, ambaye ofisini walimwita Rula na nyumbani tukalidaka jina hilo, alizaliwa tarehe 9 Mei 1957, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa fundi cherehani na mkewe, akasoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, sekondari hadi 1975, na tarehe 3 Januari 1978 akaajiriwa kuwa mchora ramani katika ofisi ya upimaji, alikodumu miaka thelathini na tisa bila kuchelewa hata siku moja, na asiyeamini amuulize bawabu.

Tarehe 15 Agosti 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, mtu pekee aliyethubutu kumwambia mstari wake umepinda, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1994 alipewa kazi ya kuchora mstari wa pwani kwa picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, na kwa kuwa ukiwa juu unaona majani tu, aliuweka mstari pale mikoko inapokomea upande wa bahari, na vyote vilivyobaki nyuma yake akavipaka rangi ya nchi kavu, ingawa chini ya majani hayo maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mchanga na mpevu, hufika kiunoni. Mkuu wake wa wakati huo alimwambia, "Wewe chora unachokiona," naye akachora. Hakwenda kukanyaga tope, na jambo hilo lilimkaa kooni hadi mwisho.

Mikoko ikakatwa, watu wakagawiwa viwanja kwa ramani ile, na tarehe 28 Oktoba 2015 bamvua likaingia katika nyumba kumi na nne, likamchukua binti wa fundi baiskeli, mwenye miaka sita. Kaka alikwenda msibani, akakaa nyuma, hakujitambulisha. Haya aliagiza mwenyewe yasomwe mazikoni kwake, na kusema kweli sisi wadogo zake tulitaka kuyafuta.

Alipostaafu mwaka 2017 alinunua buti za mpira, akawa anafuata kila bamvua akipigilia vigingi pale maji yalipofika, shemeji akimshikia daftari, mpaka figo zilipoanza kumsumbua Februari 2022. Mstari mpya aliumalizia kitandani hospitalini, na shemeji alipomtania kwamba umepinda, alijibu, "Pwani yenyewe ndivyo ilivyo, mama watoto." Alifariki tarehe 11 Juni 2023, saa nne asubuhi, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotufungulia nyumba zao, na wafanyakazi wenzake, hasa wewe mkuu wa ofisi wa sasa, uliyeketi hapa mbele. Ndugu mkuu, ramani mpya ipo mezani kwako tangu tarehe 4 Aprili, imebaki sahihi yako tu, na Jumatatu ijayo msingi wa shule unaanza kuchimbwa mahali ambapo ramani ya zamani bado inapaita nchi kavu. Fundi baiskeli naye amekuja, amekaa nyuma, na haya ameyasikia leo kwa mara ya kwanza. Baba wa mtoto yule, tunakuomba radhi.

Rula wetu, weka penseli chini sasa, upumzike kwa amani.