Jane Soipan Kuntai Hakuwa Wakili

Wasifu wake, ulioandikwa na kusomwa na ndugu yake mdogo, Emmanuel Kuntai, Mashuuru, Jumamosi tarehe 17 Mei 2025

Ndugu waombolezaji, programu mliyopewa langoni ina wasifu katika ukurasa wa tatu. Naomba msiusome. Unasema marehemu alisomea sheria, na marehemu hakusomea sheria hata siku moja. Unasema pia alipenda kuimba katika kwaya ya akina mama. Dada yangu hakuwahi kuimba kwaya yoyote. Sentensi hiyo ni ya mama mwingine aliyezikwa wiki iliyopita, na kijana wa saiba, duka la kompyuta lililochapa programu kule Kitengela, alisahau kuifuta alipobadilisha majina. Kamati ya mazishi iliisoma, ikaipitisha, ikaagiza nakala mia tatu. Nina hasira, sitaificha, na wasifu wa kweli nitausoma nikiwa nayo hivyo hivyo.

Marehemu Jane Soipan Kuntai alizaliwa tarehe 14 Aprili 1983 hapa Mashuuru, mtoto wa tatu wa Mzee Kuntai na mama yetu, Kakenya. Mwaka uliofuata ulikuwa wa ukame. Mama husema Soipan alijifunza kutembea wakati ng'ombe wetu hawakuwa na nguvu ya kusimama. Nyumbani tulimwita Soipan, na ndivyo nitakavyomwita. Wazee wetu wa zamani hawakutaja kabisa jina la mtu aliyekufa. Siku hizi tunalitaja kwa kipaza sauti, kisha tunalibandika uongo.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa hadi mwaka 1997, kisha akaenda sekondari ya bweni Kajiado, akamaliza mwaka 2001 akiwa wa pili darasani. Aliomba kusomea sheria. Barua ya chuo kikuu ilipokuja, mwaka 2003, ilisema amepewa kozi ambayo hakuna mtu wa boma hili aliyeijua: lugha, vitabu na magofu ya Wagiriki na Warumi wa kale. Wengi wenu mnakumbuka barua zile zilivyogawa watoto wetu, unaomba hiki unapewa kile. Lakini baba alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba binti yake anaenda kuwa wakili. Watu walikuwa wamepiga makofi, mbuzi wawili walikuwa wamechinjwa. Soipan alipomsomea barua, baba alimwambia, "Hiyo ni karatasi tu. Usiniaibishe. Watu wakiuliza, ni sheria."

Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nimesimama mlangoni, na nikajua kuanzia siku hiyo jibu ni lipi.

Muhula wa kwanza alijaza fomu ya kubadilisha kozi. Muhula wa pili aliirarua mwenyewe. Alikuwa ameanza Kigiriki, na alipenda kwamba sentensi moja ingeweza kumchukua asubuhi nzima, na mwisho wake angekuwa amemsikia mtu aliyekufa miaka elfu mbili na mia tano iliyopita akilalamika kuhusu jirani yake. Alihitimu mwaka 2007, akaendelea na shahada ya pili. Mwaka 2009 alipata ufadhili wa kwenda kusini mwa Italia, akachimba magofu kwa wiki sita, amepiga magoti kwenye vumbi na mwiko mdogo mkononi. Baba aliwaambia watu amekwenda mkutano wa mawakili. Picha aliyotuma kutoka kule, amefunga leso kichwani na anacheka, iliwekwa chini ya godoro kwa sababu alionekana kama kibarua.

Utafiti wake ulikuwa juu ya maandishi kwenye makaburi ya wanawake wa kawaida wa Kirumi. Hawa hawakuwa malkia. Alisoma habari za msusi, muuza samaki, mtumwa aliyeachwa huru. Miaka ya baadaye, Jumamosi moja, nilikuwa nimempelekea maji kwake Kitengela, maana mimi kazi yangu ni kuendesha boza, lori la tangi la maji, na nikamkuta amezungukwa na picha za mawe. Aliniambia kwamba wachonga mawe wa wakati ule walikuwa na maneno yao tayari, familia ikileta jina tu. Karibu kila mwanamke alikuwa mke mwema, alitunza nyumba, alisokota sufu.

"Emmanuel, hawa wote walisokota sufu tu?" akaniuliza. "Hakuna hata mmoja alikuwa na hasira? Hakuna mmoja alikuwa na akili?"

Nikamwambia sijui, mpira wa maji unavuja. Akacheka akanipikia chai. Leo, tukiwa na nakala mia tatu za kwaya mikononi, ningependa kumjibu vizuri zaidi.

Kuanzia mwaka 2011 alifundisha Kilatini na Kigiriki chuoni kwa mkataba. Mwaka 2016 kozi ilifutwa kwa sababu wanafunzi walikuwa wanne. Alihamia Kitengela akafundisha historia na dini katika sekondari ya kibinafsi hadi alipougua, na kila Jumamosi watoto saba wa mtaa walikaa sebuleni kwake wakijifunza Kilatini bure. Mmoja wao ni binti wa fundi Wangila, na yuko hapa.

Kuna jambo ambalo uongo wetu ulimletea, na ni haki lisemwe. Wakati ranchi ya kikundi, ardhi yetu ya pamoja, ilipokuwa ikigawanywa, wazee walimfuata hadi Kitengela na karatasi zao kwa sababu walisikia ni wakili. Soipan alimwambia kila mmoja wazi, "Mzee, mimi si wakili." Kila mmoja alidhani ni unyenyekevu. Mzee Moses, ambaye ameketi pale mbele, alikataa kabisa kuondoka. Soipan akachukua karatasi zake, akazisoma namna alivyosoma mawe yake, neno kwa neno, mara tatu. Akamwonyesha kwamba ekari za ukurasa wa kwanza si ekari za ukurasa wa nne. Mzee Moses hakutia sahihi, na shamba lake bado ni lake. Alirudi hapa akasema, "Ule msichana ni wakili kweli kweli." Hivyo hata elimu yake ilipotusaidia, tuliipa sheria sifa zote.

Alifunga ndoa na Felix Kimanzi, mwalimu wa hisabati, tarehe 11 Desemba 2010. Mshereheshaji alipomtangaza bibi harusi kuwa wakili, Felix alichukua kipaza sauti akasema, "Mke wangu ni msomi wa Wagiriki na Warumi, na mimi najivunia." Baba hakumsalimia kwa mwaka mzima. Shemeji, ulikuwa mgeni katika familia hii siku moja tu na ukafanya jambo ambalo sisi hatukuwa tumelifanya kwa miaka saba. Mungu aliwajalia watoto wawili, Melvin na Naserian.

Mnamo Januari mwaka huu alianza kuumwa tumbo. Mwezi wa Machi madaktari walisema ni saratani ya kongosho na kwamba imeshasambaa. Alilazwa tarehe 20 Machi. Siku hiyo wadi ilikuwa imejaa na tulikuwa tumesubiri tangu asubuhi, nikaona nitumie ujanja. Nikamwendea muuguzi nikamwambia kwa sauti, "Sista, huyu ni wakili. Mwangalieni vizuri."

Nilidhani dada yangu amelala. Alifungua macho.

"Kuja hapa," akaniambia. "Mwambie sista ukweli. Nilisoma nini?"

Nikasema, "Alisoma mambo ya kitambo."

"Mambo gani ya kitambo?"

Muuguzi alikuwa amesimama na chati, ananingoja. Nilikuwa nimepeleka maji nyumba ile miaka minane, nimekunywa chai katikati ya zile picha za mawe, na maneno hayakutoka.

"Miaka ishirini na mbili," Soipan akasema. "Baba nilimzoea. Wewe nilidhani uko na mimi."

Aligeuza uso kwa ukuta. Sijawahi kuona aibu kama ile, na sitaki mtu anifariji leo kwa ajili yake. Kesho yake nilirudi na daftari ninaloandikia oda za maji, nikamwomba anieleze tangu mwanzo. Kwa wiki saba, kila alipokuwa na nguvu, alinieleza, nami nikaandika. Alinisahihisha tarehe. Alinifanya nirudie. Yote niliyowasomea kuhusu masomo yake yametoka kinywani mwake. Tarehe 9 Mei, Ijumaa, saa nne asubuhi, alifariki, Felix na mimi tukiwa kando yake.

Nilipeleka daftari hilo kwa kamati. Baba mdogo, ambaye ni mwenyekiti, alilipitia akasema, "Kijana, haya ya Warumi watu hawataelewa. Weka sheria, watu wapate heshima." Nikamuuliza heshima ya nani. Akaniambia nisilete vurugu kwenye msiba.

Sasa tazameni msalaba ulioegemezwa pale kando ya kaburi. Umeandikwa Wakili Jane Kuntai. Fundi Wangila amekuja na rangi yake na brashi. Nikishaketi ataufuta na kuandika Jane Soipan Kuntai, Mwalimu wa Kigiriki na Kilatini, na jeneza litashushwa baada ya hapo. Baba, niwie radhi. Nilikuomba jana na leo asubuhi, ukakataa mara zote mbili. Mimi ni mtoto wako na nakuheshimu, lakini hili silirudishi nyuma. Wanaotaka kuondoka na waondoke.

Marehemu ameacha mume wake, Felix; watoto wake, Melvin, mwenye miaka kumi na tatu, na Naserian, mwenye miaka tisa; mama yake, Kakenya, ambaye tangu jana ameketi na ile picha ya kutoka Italia mapajani; baba yake, Mzee Kuntai, aliyempenda binti wakili ambaye hakuzaliwa; ndugu na dada zake watano, mimi nikiwa mmoja wa waliomkana; na wanafunzi saba wa Jumamosi, ambao hawakuwekwa kwenye programu na ndio waliomjua.

Dada yangu Soipan apumzike kwa amani. Sisi wengine, Mungu asitupe amani hiyo upesi.