Gari Lililomliza Nakhumicha

Masibo aliingia gari la abiria la kwenda Kitale pale Kimilili, akaketi nyuma, shokabsoba mbili mpya za kupunguza mtikiso wa gari lake amezipakata kama mtoto wa wenyewe. Jirani yake, fundi wa magari aitwaye Zahid, alizitazama akauliza hilo gari la nyumbani linaugua nini.

"Inagonga chini kama poshomili ya kusaga mahindi," Masibo akasema. "Binti yangu Nangila amekataa kuipanda. Ati mama yake, Nakhumicha, alilia humo njia nzima tukimpeleka hospitali, na hakurudi hai. Hiyo barabara, bana! Wakubwa walikula lami, marehemu wangu akala mashimo."

"Pole, mzee. Kwani ulikuwa umeiinua?"

"Si niliweka vyuma juu ya springi, isiguse mawe! Tairi nazo nikajaza upepo mpaka zikawa ngumu kama jiwe."

Zahid akakuna kidevu. Fundi akikuna kidevu, ujue mtu atatukanwa kwa heshima. "Basi shokabsoba si dawa, baba. Toa hizo vyuma, punguza upepo, weka bushi mpya, zile raba za kwenye viungo vya chini. Itanyamaza, hata barabara ikibaki hivyo hivyo."

"Ati ni mimi?" Masibo alifoka hadi dereva akageuka. "Mheshimiwa mbunge ndiye alimtikisa bibi yangu! Mheshimiwa na mashimo yake!"

"Jaribu tu, mzee. Siku moja."

Gari likasimama stendi ya Kitale. Abiria wakashuka, Masibo hakusogea.

"Na ikinyamaza," akamfokea fundi mgongoni, "nitamwambia nini Nangila?"