Karani Aliyekunywa Kabla ya Kuuliza

Kijiwe cha kijiji cha Kiswere ni gogo mbele ya birika la Kudra, muuza kahawa. Asubuhi hiyo habari ilikuwa moja: serikali ya Mwingereza itachimba kisima kimoja, nacho kitakwenda Kinjumbi, kijiji kingine. Karani wa boma aliyepita kuulizia shida za watu ameandika kwamba Kiswere maji yapo. Wanawake wa Kiswere hutoka alfajiri kufuata debe moja la maji, na kurudi jua likiwa kali. Mzee Bakari, aliyebandikwa jina la Hakimu, aligonga kikombe chake kwenye gogo.

— Yapo wapi? Yapo wapi, nauliza! Karani kahongwa. Penye udhia penyeza rupia!

— Taratibu, Hakimu, — Kudra alisema. — Hicho kikombe si cha karani.

Hasani Redio, mvuvi asiyepitwa na habari, alidakia:

— Hongo wapi! Wazungu wanataka tufe kiu, tuhame, walime karanga zao mpaka mlangoni mwa msikiti.

— Karanga kwenye ardhi ya chumvi hii? — Kudra aliuliza.

— Mzungu atazipanda hata baharini. Mchagua jembe si mkulima!

Klementi, Mmwera wa bara anayeleta muhogo kijijini, alitema mate.

— Siku ile nilikuwepo. Karani kakaribishwa kwa jumbe wa kijiji, kapewa maji, kanywa. Ndipo akauliza, “Maji mnayo, sivyo?” Hakimu, ulijibu nini?

— Nilisema yapo, alhamdulillahi.

— Basi!

— Basi nini? Mgeni kashika kikombe, nimwambie kaninywea maji ya wanangu? Mimi sikulelewa porini!

— Na swali lenyewe limekuja na jibu lake! — Redio alifoka. — Halafu jumbe kamtolea macho kila anayefungua mdomo. Nani angebisha?

— Kati ya wanaoteka maji hakumuuliza hata mmoja, — Kudra alisema.

— Anarudi leo, — Klementi alisema. — Nimempita njiani. Anataka kuhakikisha kabla hawajaanza kuchimba.

Hakimu alisimama.

— Aje! Leo namwambia usoni: hayapo! Hayapo hata tone!

Mkewe, Kazija, alikuwa amefika nyuma yake. Alitua debe. Maji hayakufika nusu.

— Baba Sada, — aliuliza, — akifika na kiu yake, akaomba maji, utamnyima?

Hakimu alitazama debe, akaketi tena kwenye gogo.

Kazija alijitwisha debe, akaenda zake.