Umeme wa Mama Cherehani

— Elfu ishirini zote ni zangu! Fundi, zitoe huko ulikozikalia!

— Fundi, ukizitoa tu, sitakuletea kiatu tena mpaka nazikwa. Mtu hakuomba msamaha!

— Kasema pole! Watu arobaini wamesikia kwa masikio yao. Pole si msamaha?

— Pole ni pole. Wewe ukijikwaa kwenye jiwe, mimi nakwambia pole. Sasa mimi ndiye jiwe?

Wa kwanza ni Dereva, mwenye lori ambalo kila siku linapona kesho. Wa pili ni Kinyozi, ambaye ukikaa kwenye kiti chake ananyoa nywele na siri zako kwa pamoja. Katikati yao amekaa Kamusi, karani mstaafu, mwenye gazeti la wiki iliyopita na maneno ya mwaka ujao. Mimi ni fundi viatu. Benchi ni langu, na dau lao nimelishika mimi kwa sababu mtaa mzima unajua sipindi: soli ya karatasi naiita karatasi mbele ya aliyeiuza. Dau lenyewe ni hili: Mwenyekiti wetu wa safu hii ya vyumba vya biashara ataomba msamaha, au hataomba? Miezi miwili iliyopita bili ya umeme tunayochangia ilipanda mara mbili. Mwenyekiti akalia mbele yetu mkutanoni, na swichi ya Mama Cherehani, mshonaji wa chumba cha mwisho, ikazimwa kwa kosa la wizi. Juzi akaja fundi umeme, akaufuata waya mmoja nyuma ya mbao, akaufuata, akaufuata, akaibukia kwenye friza la soda. La Mwenyekiti. Jana tukaitana mkutanoni tena.

Muuza kahawa alikuwa anamimina raundi ya pili. Kamusi akainua kidole.

KAMUSI: Turudi kwenye maneno yenyewe. Alisema, "Ndugu zangu, poleni sana kwa yaliyotokea."

KINYOZI: Yaliyotokea! Kama mvua. Friza limenyesha.

DEREVA: Na magoti alipiga!

KINYOZI: Alikuwa anaokota miwani.

DEREVA: Ndiyo hapo wahenga waliposema, mtaka cha uvunguni sharti ainame.

KINYOZI: Hiyo inaingiaje hapa?

DEREVA: Si aliinama? Umesema mwenyewe. Na machozi je? Yalimtoka, nimeyaona.

KINYOZI: Jicho la kushoto lilikuwa linalia. La kulia lilikuwa linahesabu kura. Mimi naishi na vichwa vya watu, Dereva, usinifundishe macho. Usione vyaelea, vimeundwa, na yale machozi yaliundwa tangu asubuhi.

Kura, kweli, alizipata. Baada ya ile pole tulimpigia makofi, tukamchagua tena miaka mitatu, na ili haki itendeke tukamkabidhi pia uenyekiti wa kamati ya kuchunguza friza. Nani analijua friza kuliko mwenyewe?

KAMUSI: Nyinyi mnapigana na dalili, ugonjwa hamuujui. Nimesoma mahali. Kuna binadamu anazaliwa bila kile kiungo cha kumwonea mwenzake huruma, kama wewe Dereva ulivyozaliwa bila sikio la kuimba. Anakuona unalia, anakutazama kama anavyotazama bomba linalovuja. Na ulimi wake ni asali, kwa sababu amekusoma. Anajua huyu anapenda sifa, yule anapenda kutishwa, na huyu hapa ukimwita mzee mbele za watu atakuandikia muhtasari bure.

KINYOZI: Huyo wa mwisho namfahamu.

KAMUSI: Natoa mfano tu, bwana.

DEREVA: Ugonjwa huo unaambukiza?

KAMUSI: Unapandishwa cheo.

KINYOZI: Basi dawa ninayo mimi. Kila anayetaka uongozi apite kwangu kwanza. Kichwa cha mwenye huruma kina joto, povu likikigusa tu linayeyuka. Cha Mwenyekiti nikikipaka povu, naweza kwenda kula, nikarudi, nikalikuta limekaa vilevile kama chokaa ukutani. Mtu wa hivyo nampa cheti: huyu ni baridi, asikabidhiwe hata ufunguo wa choo.

DEREVA: Utatumalizia viongozi wote! Sikilizeni, mimi ni mtu wa mashine. Huruma ni breki. Kiongozi ni injini. Ukifunga breki kwenye injini, mtafika wapi?

KINYOZI: Kumbe ndiyo maana lori lako halina breki.

DEREVA: Ndiyo maana linaheshimiwa barabarani.

KAMUSI: Breki inatengenezeka. Kila kiongozi apewe mtu wa kuhurumia kwa niaba yake. Anakaa naye bega kwa bega. Kiongozi akimzimia mtu umeme, yule msaidizi anaumia, anakosa usingizi, anakonda. Kiongozi anaendelea na ajenda.

DEREVA: Analipwa?

KAMUSI: Posho ya machozi.

DEREVA: Mwandikie shemeji yangu nafasi hiyo, analia hata akikata vitunguu vya jirani.

KAMUSI: Na hilo suala la pole, msimwonee. Hesabuni. Samahani ina herufi nane. Pole ina nne. Kiongozi anabana matumizi.

Hapo nikashindwa. Nilipiga nyundo mpaka kisigino cha kiatu cha watu kikaruka.

MIMI: Basi, nyamazeni! Pole anaitoa aliyepita njia. Samahani anaitoa aliyekukanyaga. Mwenyekiti alikanyaga halafu akapita njia. Hilo linataka kusoma? Dau ni la Kinyozi!

DEREVA: Umehongwa! Amekunyoa bure Jumapili, nilikuona!

MIMI: Nimehongwa mimi? Mimi? Rudia hilo neno uone kama hiki kiatu kitabaki mkononi!

Kamusi alikuwa ameshaanza kutueleza asili ya neno hongo wakati Mama Cherehani alipofika. Si mtu wa benchi hili. Miaka yote anapita na salamu yake moja, anaingia chumbani kwake, tunasikia cherehani inanguruma mpaka jioni. Siku hizi tulikuwa hatuisikii. Alikuja na furushi la kitambaa cha buluu limemfunika hadi kidevuni, na uzi umening'inia begani.

KINYOZI: Karibu, dada! Umekuja wakati wake hasa. Wewe ndiye mwenye pole yako. Hebu tuamulie: jana umeombwa msamaha, au hukuombwa?

MAMA CHEREHANI: Jana sikuwepo. Nilikuwa natia vifungo kwa mkono, dirishani, mwanga usinikimbie.

DEREVA: Asiyekuwepo na lake halipo! Basi dau lirudi kwa...

MAMA CHEREHANI: Kaka, ngoja. Nina swali dogo. Ule mkutano wa kwanza, nani alisema nizimiwe?

Tulijibu wote kwa mpigo mmoja, na ilikuwa mara ya kwanza benchi hili kukubaliana.

— Mwenyekiti!

MAMA CHEREHANI: Alisemaje?

KAMUSI: Alisema... muhtasari ninao kichwani... alisema, "Mimi simtaji mtu. Ila mashine zinazokula umeme kuliko nyingine tunazijua."

MAMA CHEREHANI: Hapo amesema nizimiwe?

KAMUSI: Hapo bado.

DEREVA: Akaendelea, mama. Akasema, "Mimi hasara nitaivumilia, nawaonea uchungu watoto wenu." Akalia.

MAMA CHEREHANI: Halafu akasema nizimiwe?

DEREVA: Halafu... akakaa.

MAMA CHEREHANI: Akakaa. Sasa nani alisema?

Muuza kahawa akakumbuka kwamba ana vikombe vya kuosha. Kinyozi akaanza kukagua kucha zake. Mimi nilikuwa natafuta misumari iliyokuwa mbele ya macho yangu. Aliyepaza sauti ya kwanza siku ile, "Azimiwe!", ni Dereva. Kinyozi akadakia, akasema hata taa ya nje azimiwe. Kamusi aliiandika hukumu kwa mwandiko wa kupendeza, akaipigia mstari kwa rula. Mikono ikanyooka yote. Wangu ulikuwa na gundi, nikaunyoosha hivyohivyo.

MAMA CHEREHANI: Sawa. Nani alikwenda kuizima?

Hakuna aliyenitazama, na ndivyo nilivyojua wote wananitazama. Kisanduku cha swichi kiko ukutani, nyuma ya mgongo wangu. Ufunguo unakaa kwenye droo yangu.

MIMI: Mama, kamati itakaa Alhamisi. Mwenyekiti ametuomba tuwe na subira.

MAMA CHEREHANI: Amekukataza kuwasha?

Nililitafuta katazo lake. Nawaapia, nilitafuta neno moja la yule bwana nilishike kama mwavuli, liwe agizo, liwe karatasi, liwe hata kukunja uso. Miezi miwili nimezima umeme wa mwanamke huyu, na Mwenyekiti hakuwahi kuniambia zima.

MIMI: Hajanikataza.

KINYOZI: Pole, dada.

Alipolisikia likimtoka mwenyewe, aliinamisha kichwa. Dereva, aliyekuwa akilipigania neno hilo tangu asubuhi, hakulidai.

Mama Cherehani akalitua furushi juu ya gazeti la Kamusi, akaunyoosha mgongo kwa mikono miwili.

MAMA CHEREHANI: Hizi ni sare mia moja na kumi, nyingi bado hazijashonwa. Shule inafunguliwa Jumatatu, na mwalimu mkuu ameshasema asipozipata atampa mwingine kazi. Nadai umeme wangu, fundi. Fungua hicho kisanduku.